Masikio Mapya ya Mwalimu Deodata

Mugoma, Jumapili, 18 Februari 1979

Masika yameingia leo katikati ya misa, tukarudi nyumbani na matope hadi magotini. Naanza shajara kwa sababu nina jambo la kuandika: nataka hedifoni.

Nieleze vizuri, nisije nikajicheka mwakani nikisoma. Redio tunayo. Ni ya mume wangu Pancras. Tulioana Julai, na mwezi Novemba alipochukuliwa pamoja na wenzake wa mgambo kwenda vitani aliniachia redio na mama yake, na vyote viwili vina sauti. Tangu aondoke, kila jioni nyumba yangu hujaa wanaume wanaokuja kusikiliza taarifa ya habari. Siwakatazi. Nani atamkataza mtu kujua vijana wetu wamefika wapi? Wakishaondoka, inabaki saa moja ya muziki kutoka Dar es Salaam, na saa hiyo ni yangu. Asubuhi ni ya watoto wa darasa la kwanza, mchana ni wa shamba la kijiji, jioni ni ya maji na kuni, na usiku nalala na kumwombea Pancras. Ukitoa hayo yote, kinachobaki cha Deodata ni hiyo saa moja, na siitoi kwa mtu.

Lakini sauti ikiwa wazi betri zinakwisha upesi, na betri siku hizi ni adimu kuliko sukari. Tena mama mkwe wangu, Mama Rozalia, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, anasema muziki wa dansi unamuuma meno. Kwa hiyo natumia kile kidude cha sikio moja kilichokuja na redio. Ukikibana kwa kidole kinaimba, ukikiachia kinakoroma. Bendi nzima inapita kwenye tundu la sindano. Mimi nina sikio zuri, kwa hiyo najua ninachonyimwa.

Jumatano, 21 Februari

Mvua. Darasa la kwanza wameandika herufi "a" zinazofanana na mayai, na mbili zimeanguliwa.

Jumapili, 25 Februari

Jana nilipanda lori la mahindi hadi Rulenge, kwa fundi redio anayeitwa Ansbert. Huyu Ansbert ana maneno mengi, lakini mkono wake haudanganyi. Nilimwambia kidude changu kinakoroma. Akakitazama, akacheka, akainama chini ya meza akatoa hedifoni nyeusi, kubwa, zenye sifongo kila upande na utepe wa chuma wa kupita juu ya kichwa. Alisema zilikuwa za mtaalamu mmoja wa mradi wa maji aliyerudi kwao.

"Zinauzwa kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa mwenye kichwa cha kuzivaa."

Akanivalisha, akawasha kaseti yake. Sitajaribu kuandika nilichosikia pale mezani, maana watu wa soko walikuwa wananitazama na nilijitahidi kukunja uso kama mnunuzi.

Nilikuwa nimebeba viatu vyangu vya harusi, vyeupe, vya kisigino. Nimevivaa siku moja tu. Kwa matope ya Mugoma, kisigino kile ni jembe, unalima njia nzima hadi kanisani. Ansbert alisema mkewe ana harusi ya kwenda baada ya Pasaka na hana cha kuvaa. Tukaelewana kabla hata hajamaliza kusema.

Kukawa na tatizo. Ncha ya waya wa hedifoni ilikuwa nene, haingii kwenye tundu la redio yetu. Ikabidi akate ncha ya kile kidude cha zamani, aiunganishe huku kwa risasi ya kuyeyusha, na kuzisokota nyaya za pande mbili pamoja ili masikio yote yapate.

"Nikikata hakuna kurudi nyuma, mwalimu."

"Kata."

Leo wanaume walipoondoka nilifunga mlango, nikazivaa. Ulikuja wimbo ninaoujua tangu nikiwa masomoni, wimbo niliodhani naujua. Kumbe una mpiga besi. Miaka yote hii yule mtu yuko pale chini anatembea taratibu na gitaa lake, anawabeba wenzake wote, na mimi sikuwahi kumsikia. Karibu na mwisho kuna mtu anacheka kidogo nyuma ya ngoma za tumba. Nililia, na sina aibu kusema hivyo. Nilikuwa sahihi kuzitaka, na viatu waendelee navyo.

Jumamosi, 3 Machi

Mama Rozalia amenisema. Alikuja na bakuli la maharage, akanikuta nimezivaa, akasimama mbele yangu hadi nilipofumbua macho. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akajibu marahaba ya mtu anayetafuna mchanga.

"Mume yuko vitani, tena ni Kwaresima," akasema, "na wewe, mwalimu, unaziba masikio."

Akiniita mwanangu mambo ni mazuri. Akiniita mwalimu, ujue nimeharibu.

Nikamwambia sijaziba, nimefungua. Akasema mtu aliyefungua masikio hasubiri kufumbua macho ili ajue mkwe wake amefika. Hapo nikala maharage.

Alhamisi, 8 Machi

Watoto wamenipa jina kwa ajili ya hedifoni. Mwalimu Pembe.

Jumanne, 13 Machi

Palizi shamba la kijiji. Betri bado zina nguvu. Kwa sauti ya wazi zingekuwa zimekufa zamani.

Jumapili, 18 Machi

Paa la Mama linavuja, kwa hiyo baada ya rozari alikuja kukaa kwangu hadi mvua ipungue. Alikaa karibu na mlango, uso nje, ili nijue kwamba amekuja kwa ajili ya paa na si kwa ajili yangu.

Dar es Salaam ilikuwa inakwaruza kwa sababu ya radi. Nikazungusha, nikapata kituo cha ng'ambo, Burundi, na hapo palikuwa na mzee anapiga inanga. Inanga ukiisikia kwenye redio ya wazi ni nyuzi tu zinavuma, kwa sababu mpigaji haimbi kwa sauti. Ananong'ona, na maneno yake yanameza nyuzi na nyuzi zinameza maneno. Kwenye hedifoni nilisikia kila neno, maana lugha yao na yetu ni ndugu, na alikuwa anasimulia habari ya ng'ombe aliyekataa kuvuka mto.

"Mama, njoo usikie."

"Nasikia kutoka hapa."

"Hapa husikii kitu, nimechomeka waya."

Akautazama waya. Kisha akasogea, polepole, kana kwamba ni mkeka ndio unaomvuta. Nikamvalisha juu ya kilemba, hazikukaa. Akakifungua kilemba mwenyewe, na mimi nilikuwa sijawahi kuziona nywele zake tangu nilipoolewa. Ni nyeupe zote.

Alisikiliza hadi mwisho. Midomo yake ilikuwa inakwenda.

"Anameza mate," akasema, kwa sauti kubwa kama wote wanaovaa hedifoni mara ya kwanza.

"Nani?"

"Huyu. Kila akitaka kuanza beti, anameza mate kwanza. Baba yake Pancras alikuwa hivyo hivyo. Nikikaa karibu na goti lake namsikia, watu wa mbali hawamsikii."

Akazivua, akazungusha waya vizuri, akafunga kilemba, akatoka kwenye mvua ile ile aliyokuwa ameikimbia. Baba mkwe alikufa kabla sijafika nyumba hii na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alikuwa mpiga inanga. Leo nampenda mama huyu, naandika ili nisisahau atakaponiudhi kesho.

Alhamisi, 22 Machi

Mama ameuliza, akiwa anachambua mchele, bila kunitazama: "Yule mzee wa Burundi huwa anarudi siku gani?"

Ijumaa, 30 Machi

Sikulala vizuri. Naandika yote.

Jana taarifa ilikwisha, wanaume wakaondoka, nikachomeka waya. Kulikuwa na wimbo mpya, mrefu, wenye magitaa matatu yanayojibizana, na nilifumba macho ili niyatenganishe moja moja. Nilipoyafumbua, nyimbo kadhaa baadaye, palikuwa na watu mlangoni wameloa, wana masizi usoni, mmoja ameshika ndoo tupu. Mbele yao alikuwa Nyandwi, balozi wetu wa nyumba kumi. Wote walikuwa wananitazama, na kichwa changu bado kilikuwa kinatikisika.

Jiko la Nyandwi lilikuwa limeungua. Ni nyumba ya tatu kutoka hapa. Yowe lilipigwa, watu wakatoka, hata wa kilimani, wazee, wagonjwa, waliokuwa wanakula wakatoka na tonge mkononi. Kwetu yowe likipigwa hata bibi harusi anatoka. Asiyetoka, basi amekufa, au ni yeye aliyewasha moto. Walikuwa wamekuja kuangalia mimi ni yupi kati ya hao wawili.

"Mwarimu," Nyandwi akasema, maana ulimi wake hauna l, "hukusikia yowe?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijajibu, akaushika waya akauvuta. Ncha ikachomoka kwenye redio, na redio, ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, ikapiga rumba nyumba nzima mbele ya mtu aliyeunguliwa. Nilihangaika na kitufe hadi nikaizima. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa jambo.

Nyandwi ameondoka na hedifoni. Amesema zitakaa ofisi ya kijiji hadi kikao.

Mama Rozalia alikuja mwisho, amelowa, na ndoo yake. Alikuwa ameenda mtoni mara mbili kwa miguu ile yenye baridi yabisi. Akasema, "Kwenye moto nyumba hii imehesabiwa mtu mmoja tu, mwalimu." Akaingia kwake.

Jumamosi, 31 Machi

Nimeenda kwa Nyandwi. Nilikwenda na maneno yangu yamepangwa: kwamba nyasi za paa wakati wa masika zimeloa, kwamba moto ule usingefika popote, kwamba ametumia nafasi hiyo kunionea. Siku zote nimemwona Nyandwi ni mtu wa kupenda madaraka, anayehesabu kuku wa wenzake.

Jiko limebaki mafiga tu. Kando, kwenye majani ya mgomba, mjukuu wake wa mwaka mmoja alikuwa amekaa anachezea kifuniko cha sufuria. Mke wa Nyandwi akaniambia mtoto alikuwa amelala humo jikoni ili apate joto. Aliyeingia kumtoa ni Nyandwi, kabla majirani hawajafika. Nyusi za Nyandwi hazipo. Juzi nilimtazama usoni na sikuliona hilo.

Nikayameza maneno yangu yote. Nimekanyaga udongo wa jiko jipya hadi jioni. Hakunishukuru, wala sikutaka anishukuru.

Lakini hedifoni nazitaka. Haya ni mambo mawili tofauti, na kikaoni nitayasema tofauti.

Jumatatu, 2 Aprili

Sina masikio makubwa, sina kidude kidogo. Nimekaa saa yangu yote nasikiliza mvua. Mvua haina besi.

Jumamosi, 7 Aprili

Kikao kilifanyika darasani kwangu, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yamegusa kidevu. Hedifoni ziliwekwa mezani mbele ya Mwenyekiti wa kijiji kama kichwa cha mnyama aliyeuawa.

Kosa la kwanza, kutoitikia yowe. Nikasimama nikasema ni kweli, faini yake ni pombe ya ndizi, nitaileta, na mtungi utakuwa mkubwa kuliko wa desturi kwa sababu ya yule mtoto. Watu wakaguna vizuri.

Kosa la pili alilisoma Mwenyekiti mwenyewe: ubinafsi. Kijiji cha ujamaa, akasema, kinalima pamoja na kinasikia pamoja. Redio yenye waya wa mtu mmoja ni kama shamba lenye uzio. Zaidi ya hayo tuko vitani. "Mwalimu," akasema, "masikio ya mwanakijiji ni mali ya kijiji."

Nilikuwa na majibu. Nilisema betri nanunua mimi na taarifa tunasikia wote. Nilisema masikio yangu kijiji kinayo tangu jogoo la kwanza, kuanzia kelele za watoto hadi mikutano kama hii. Saa moja nayaomba yawe yangu, na nikinyimwa hiyo nitabaki mwalimu wa kufokea watoto wao. Lakini nikaona nyuso zao, nikajua sijawapata. Kila mmoja alikuwa anafikiria jambo lile lile: siku yowe likipigwa tena, huyu atakuwa wapi?

Ndipo Mama Rozalia akasimama. Alikuwa hajanisemesha tangu siku ya moto. Nikasema moyoni, sasa nimezikwa.

"Mnaulizia sikio," akasema. "Nyumba hiyo ina masikio manne. Mawili ni yangu na hayana waya. Yeye akiziba yake, mimi nitakaa mlangoni na yangu, na yowe likipigwa nitamvuta kwa mkono, mtatuona wawili."

Mwenyekiti akamwuliza kama yuko tayari kubeba jambo hilo kila siku, umri wake ule.

"Nimebeba mtoto wa tumboni mkamchukua vitani," akasema Mama. "Nitashindwa kubeba mkeka hadi mlangoni?"

Watu wote wakamgeukia Nyandwi, kwa sababu jiko ni lake. Nyandwi alikuna mahali nyusi zilipokuwa. "Mpeni," akasema. "Udongo wa jiko rangu ameukanyaga vizuri."

Nje nilitaka kumshukuru Mama. Akasema twende, mvua inakuja, na kwamba yule mzee wa Burundi ni kesho.

Jumatano, 11 Aprili

Kampala imeanguka. Redio sauti ya wazi hadi mwisho, uani kumejaa, Mwenyekiti amecheza hadi kofia ikadondoka. Betri zimekwenda na sijali.

Jumapili, 15 Aprili

Pasaka. Nyandwi ameleta betri, nne. Amesema amezipata njia ya Biharamulo kwa Msukuma mmoja mwenye ng'ombe, Bulugu, na nisiulize zaidi. Sijauliza.

Alhamisi, 10 Mei

Mama anakaa mlangoni kila jioni na mkeka wake, uso nje. Nilidhani angechoka. Siku ya mzee wa inanga tunabadilishana, yeye anavaa, mimi nakaa mlangoni. Nimegundua kwamba mlangoni nako kuna kazi: vyura, nyayo za watu, mtoto wa jirani anayekohoa. Huyu mama alikuwa anasikia haya yote kila siku wakati mimi nikimwita mkali.

Jumamosi, 2 Juni

Mvua imekwisha. Maharage yanakauka vizuri. Hakuna habari ya Pancras.

Jumapili, 1 Julai

Amerudi.

Aliletwa na gari la jeshi hadi njia panda, akaja kwa miguu. Mzima, mwembamba, na kovu mkononi. Mama alimshika uso kwa mikono miwili akawa anamzungusha kama anayechagua boga sokoni. Mimi nilisimama na mwiko. Siandiki zaidi, furaha hainikalii kwenye mstari.

Alhamisi, 5 Julai

Nyumba imejaa tangu Jumapili. Pancras anasimulia, wanaume wanasikiliza, mtungi unakwisha unaletwa mwingine. Taarifa ikiisha hawaondoki. Siku ya kwanza aliziona hedifoni ukutani akacheka, akauliza ni za rubani gani, akawavalisha wenzake kwa zamu. Kisha anawasha redio kwa sauti ya wazi na kusimulia juu ya muziki, na muziki unakuwa kelele ya chini ya maneno yake.

Mimi niliyemjibu Mwenyekiti mbele ya kijiji kizima nimeshindwa kumwambia mume wangu sentensi moja. Ametoka kwenye mabomu. Redio ni yake. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo, nipe saa yangu? Nimekaa jikoni siku nne nikipanguza sahani zilizokauka. Nimekubali, nadhani. Imeniuma kuandika neno hilo.

Ijumaa, 6 Julai

Leo taarifa ilipokwisha, Pancras alikuwa amefika kwenye daraja la mto Kagera, mahali anapopapenda kwenye hadithi yake. Mama Rozalia akaingia na mkeka wake. Hakusalimu. Akapita katikati ya wanaume, akachukua hedifoni ukutani, akatafuta tundu la redio kwa kidole, akachomeka ncha mwenyewe. Muziki ukakatika. Wote wakamgeukia.

"Taarifa imekwisha," akasema. "Uani kuna nafasi, na mwezi upo."

Pancras akacheka. "Mama, hii redio ni yangu."

"Redio ni yako. Saa hii ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Mama akaja hadi jikoni, akanitoa sahani mikononi, akaniongoza hadi kwenye redio, akanivalisha hedifoni kichwani mbele ya mwanawe na mbele ya wanaume wote, akaninyoshea waya usinikabe. "Kaa, mwanangu," akasema. Kisha akatandika mkeka mlangoni, akageuza uso nje.

Wanaume walitoka na mtungi wao. Pancras alibaki amesimama, ananitazama, anaitazama redio, anautazama mgongo wa mama yake. Sikufumba macho. Nilimtazama na yeye. Bendi ilikuwa imeanza, na yule wa besi alikuwa pale chini anatembea.

Baadaye Pancras alichukua kigoda chake akaenda kukaa mlangoni, kando ya mkeka. Mama alimgeukia akamwambia kitu, naye akajibu, midomo yao ilikuwa inakwenda. Sijui walisema nini. Sikuzivua.